Umenunua trekta kuukuu? Lijue kwanza kabla hujaliingiza shambani

Msimu wa kuuza pamba ukiisha, wapo wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wanaokaa na familia zao kupiga hesabu ya jambo moja: kununua trekta. Trekta jipya bei yake inawashinda wengi. Kwa hiyo wanaangukia trekta kuukuu, lililolima kwingine miaka thelathini au hamsini, likapigwa rangi mpya na kuletwa sokoni. Kuna familia zinazouza zizi zima la ng'ombe ili kulipata.

Hakuna ubaya kununua trekta la zamani. Mengi yametengenezwa kwa chuma kizito, hayana kompyuta ndani yake, na fundi wa kijijini mwenye spana nzuri anaweza kulifungua na kulifunga chini ya mti.

Shida huanza wiki mbili za kwanza. Trekta linafika leo jioni, kesho alfajiri limefungwa plau na liko mbugani, kwa sababu mvua imeshanyesha na majirani wameshalipia kulimiwa. Siku ya nne injini imechemsha, siku ya sita lift haipandi, siku ya nane trekta limeegeshwa nyumbani na kuku wanatagia chini yake. Ng'ombe hawapo, shamba halijalimwa, na fedha za majirani zinadaiwa.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuikwepa. Neno kubwa la kushika ni hili: trekta kuukuu hununuliwa mara mbili. Mara ya kwanza unamlipa muuzaji. Mara ya pili unamlipa fundi na muuza spea. Aliyetumia shilingi yake ya mwisho kwa muuzaji amenunua nusu ya trekta.

Kwanza, ni trekta gani hasa?

Watu wengi ukiwauliza wana trekta gani watajibu "Massey". Hilo ni jina la ukoo tu, kama kusema mtu ni Msukuma bila kutaja anatoka kaya gani. Massey Ferguson wametengeneza aina nyingi sana, na spea za aina moja si lazima ziingie kwenye nyingine.

Chukua MF 135, mojawapo ya matrekta madogo yanayojulikana zaidi duniani. Lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na kiwanda cha Coventry, Uingereza, kiliendelea nalo hadi mwaka 1975. Maana yake ni kwamba hata lile la mwisho kutoka Coventry lina umri wa nusu karne. Yale ya dizeli ya Uingereza hutumia injini ya Perkins ya silinda tatu yenye nguvu ya farasi 45 hivi.

Ndugu zake wakubwa, kama MF 165 na MF 290, wana silinda nne na nguvu zaidi. MF 240 nalo limetengenezwa kwa miaka mingi nje ya Uingereza, ikiwemo Pakistan. Kwa hiyo matrekta mawili yenye jina moja yanaweza kuwa yametoka nchi mbili na kupishana miaka mingi.

Yapo pia Ford, Fiat na mengine. Yapo Valmet ya Finland, ambayo miaka ya 1980 yaliunganishwa hapa nchini, Kibaha, na baadaye yakaja Ursus ya Poland, nayo yakaunganishwa Kibaha. Lolote utakalochagua, swali la kumuuliza muuza spea kabla hujalipa ni moja: je, filta, klachi na nozeli za trekta hili unazo dukani, au mpaka uagize?

Fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote:

- Tafuta kibao kidogo cha chuma chenye namba ya trekta. Kwenye Massey nyingi za zamani kipo karibu na dashibodi.
- Tafuta namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma cha injini yenyewe. Futa grisi kwa kitambaa chenye dizeli kidogo mpaka isomeke.
- Piga picha namba zote mbili kwa simu yako, na uziandike kwenye daftari.

Usishangae namba hizo zikionyesha kwamba injini si ile iliyotoka na trekta. Trekta la miaka hamsini huenda limeshabadilishiwa injini. Si kosa, lakini lazima ujue, kwa sababu spea za injini utanunua kwa namba ya injini, si kwa jina lililoandikwa kwenye boneti.

Rangi isikudanganye. Kipima saa za kazi nacho kisikudanganye, kwani mara nyingi kebo yake imekatika zamani na namba zimesimama. Tazama zaidi vitu vinavyolika kwa matumizi: mpira wa pedali ya klachi, matundu ya mikono ya kufungia plau, na uchezaji wa usukani. Trekta linalosema limefanya kazi saa 2,000 huku tundu la pini limepanuka na kuwa kama yai, linasema uongo.

Upande wa karatasi, hakikisha jina la muuzaji ndilo lililo kwenye kadi ya usajili, na namba za kwenye kadi zinafanana na za kwenye chuma. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria, kisha ukabadilishe umiliki TRA. Trekta lisilo na kadi ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Funzo la Kongwa

Nchi yetu ina historia ya matrekta yaliyonunuliwa yakiwa yametumika, na ni vizuri kuikumbuka.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, ukianzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni na matrekta mapya hayakupatikana. Wakanunua mitambo iliyobaki vitani, mingine ikitoka mbali kama Ufilipino. Kampuni ya Vickers iligeuza hata vifaru vya kijeshi aina ya Sherman kuwa matrekta, wakayaita Shervick.

Mashine zilifika, kazi ikaanza, na zikaanza kufa kwa wingi. Spea zilikosekana, mafundi hawakutosha, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali, ukala majembe. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kumeza pauni za Uingereza zipatazo milioni 36.

Ukubwa wa mashine na wingi wa fedha havikuuokoa mradi ule. Kazi ilianza kabla watu hawajaijua mashine, hawajaujua udongo, na hawajui spea itatoka wapi. Mkulima wa Simiyu mwenye trekta moja anaweza kurudia kosa lilelile kwa kipimo kidogo.

Siku ya kwanza: angalia vimiminika vinne

Kabla ya kuwasha, trekta likiwa limepoa na limeegeshwa mahali tambarare, angalia vitu vinne: oili ya injini, maji ya rejeta, oili ya gia na dizeli.

Oili ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili nyeusi ni kawaida kwa injini ya dizeli. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa si kawaida. Maji yameingia ndani, na gasketi au silinda hedi inaweza kuwa na tatizo. Oili iliyozidi kiwango na inayonuka dizeli maana yake dizeli inavujia ndani, mara nyingi kupitia pampu. Hali zote mbili zinaua injini, kwa sababu oili iliyochanganyika haiwezi tena kulinda vyuma.

Maji ya rejeta. Fungua kizibo injini ikiwa baridi tu. Ikiwa ya moto maji hukurukia usoni. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, mwite fundi kabla ya kuwasha.

Oili ya gia na haidroliki. Hapa wengi hawajui. Kwenye Massey za zamani kama MF 135, gia, difu na lift ya kuinulia plau vyote vinatumia oili moja iliyo katika tumbo la trekta. Pampu ya haidroliki imezama humohumo. Maji ya mvua yakipenya kupitia ngozi iliyochanika kwenye mkono wa gia, yanaharibu vitu vyote vitatu kwa pamoja. Nayo ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote, weka mpya.

Dizeli. Fungua tangi, mulika kwa tochi ya simu. Utaona kutu, matope, pengine hata majani. Uchafu huo ndio utakaoziba filta ukiwa katikati ya shamba.

Baada ya kuangalia, usijiulize sana kama oili bado inafaa. Hujui aliyekuwa nalo aliibadilisha lini. Mwaga oili ya injini, weka mpya pamoja na filta mpya, badilisha filta za dizeli, na anza hesabu yako mwenyewe kutoka hapo. Oili hii ya kwanza itaosha uchafu mwingi, kwa hiyo ibadilishe tena mapema, baada ya saa 50 hivi za kazi. Baadaye ufuate kitabu cha trekta lako.

Liwashe likiwa baridi, usome moshi

Ukienda kununua, gusa injini kwanza. Kama muuzaji ameshaiwasha na ni ya moto kabla hujafika, subiri ipoe. Injini iliyochoka huficha ugonjwa wake ikishapata moto.

Iwashe, kisha soma moshi:

- Moshi mweupe asubuhi ya kwanza, ukaisha baada ya dakika chache, si wa kutisha. Ukiendelea wakati injini imeshapata moto, dizeli haiungui vizuri au maji yanaingia kwenye silinda.
- Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Ringi, slivu au valvu zimechoka.
- Moshi mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo. Inaweza kuwa filta ya hewa imeziba, nozeli mbovu, au mzigo umezidi nguvu za trekta.

Halafu fungua kizibo cha kujazia oili juu ya injini huku ikizunguka polepole. Mvuke kidogo ni kawaida. Moshi unaotoka kwa nguvu kama wa jiko maana yake hewa ya silinda inapenya kwenye ringi kwenda chini. Injini hiyo itahitaji kufunguliwa. Labda si leo, lakini hesabu yake uiweke.

Tazama pia geji ya oili. Kama haifanyi kazi, hiyo ndiyo spea ya kwanza kununua. Ni kitu kidogo, lakini bila hicho utajua oili haipandi siku injini inapogonga na kusimama, na hapo umeshachelewa.

Maadui wawili wa hapa kwetu: vumbi na maji

Simiyu kuna miezi mirefu ya ukavu. Trekta linalolima kabla ya mvua au kuvuta tela barabara ya vumbi linameza udongo kutwa nzima. Vumbi likipita kwenye filta ya hewa linakuwa msasa ndani ya silinda. Injini nzima inaweza kumalizwa na msimu mmoja wa filta mbovu.

Matrekta mengi ya zamani yana chujio la hewa lenye bakuli la oili chini. Hewa hupita juu ya oili, vumbi linanasa humo. Ni chombo kizuri kama kinahudumiwa. Wakati wa vumbi jingi fungua bakuli hilo kila siku. Ukikuta matope chini, mwaga, osha kwa dizeli, weka oili safi mpaka alama iliyomo, usizidishe. Kagua pia bomba la mpira linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Tundu dogo hapo linafanya chujio lote lisiwe na maana, kwa sababu vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma.

Adui wa pili ni maji kwenye dizeli. Dizeli ya kwenye madumu iliyokaa muda mrefu hukusanya maji chini. Iache itulie, imimine kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na usimwage ile ya mwisho ya chini. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi, ili unyevu wa usiku usipate nafasi ya kutengeneza matone ndani ya tangi tupu.

Ukibadilisha filta za dizeli, au dizeli ikikuishia shambani, upepo huingia kwenye mfumo na injini haitawaka hata betri ikiisha. Kutoa upepo ni kazi ya spana moja na subira. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, pampu kwa mkono mdogo ulio kwenye pampu ndogo ya dizeli iliyo ubavuni mwa injini, mpaka itoke dizeli isiyo na mapovu, kisha kaza. Fanya hivyo tena kwenye skrubu za pampu kubwa. Mwisho legeza nati za mabomba yanayoingia kwenye nozeli, zungusha stata mpaka dizeli itoke, kaza na uwashe. Usiweke kidole mbele ya dizeli inayoruka kutoka kwenye bomba la nozeli. Msukumo wake unaweza kupenya ngozi, na kidonda hicho ni cha kukimbizwa hospitali hata kikionekana kidogo.

Tukiwa kwenye injini, liko jambo moja la themostati. Trekta likichemsha, mara nyingi utasikia ushauri wa kuitoa na kuitupa. Themostati kazi yake ni kuifanya injini ipate moto haraka na kubaki hapo. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, dizeli haiungui vizuri, na vyuma vinalika upesi. Kama trekta linachemsha, tafuta sababu yenyewe: mkanda wa feni umelegea, rejeta imejaa mbegu za nyasi kwa nje au kutu kwa ndani, au pampu ya maji imechoka. Themostati mbovu ibadilishwe kwa nzima.

Klachi, gia na lift

Massey nyingi za zamani zina klachi ya hatua mbili. Ukikanyaga pedali nusu, trekta linasimama lakini shafti ya nyuma, yaani PTO, inaendelea kuzunguka. Ukikanyaga mpaka chini, PTO nayo inasimama. Jaribu hatua zote mbili. Dereva asiyejua hili hufikiri PTO ni mbovu, au huiunguza klachi kwa kupumzisha mguu juu ya pedali siku nzima.

Gia zijaribu zote, mbele na nyuma, trekta likitembea. Gia inayoruka yenyewe ukiwa mlimani ni hatari na ni gharama, kwa sababu kuifikia lazima trekta likatwe katikati.

Lift ijaribu na plau halisi, si mikono mitupu. Inua plau, acha injini izunguke, tazama kwa dakika tano. Plau likae juu limetulia. Likiwa linashuka kidogo na kuruka tena, linashuka na kuruka, kuna mahali oili inavuja ndani. Mara nyingine ni mipira ya kuzuia oili tu, ambayo haina gharama kubwa. Mara nyingine ni pampu.

Inafaa kujua kwa nini lift ina thamani. Mfumo huu wa kufunga jembe kwa pointi tatu uliendelezwa na Harry Ferguson wa Ireland, na ndio uliowezesha trekta dogo kufanya kazi ya trekta kubwa. Plau likikutana na udongo mgumu, haidroliki hulipunguzia kina kidogo, na uzito unakandamiza matairi ya nyuma yasiteleze. Ukifunga plau kwa minyororo na kamba kwa sababu lift imekufa, umebakiwa na chuma kinachovuta tu.

Usalama hautungoji tupate fedha

Kabla ya rangi, kabla ya taa, kabla hata ya injini kupendeza, rekebisha vitu vinavyoua.

Breki. Matrekta yana pedali mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa ajili ya kukata kona shambani. Pana komeo la kuziunganisha ziwe moja. Ukitoka shambani kuingia barabarani, liwe limefungwa. Kwenye lami ya Bariadi kwenda Lamadi au Maswa, ukikanyaga breki ya upande mmoja kwa mwendo, trekta linageuka na kulala. Kama upande mmoja haushiki, tazama oili inayovuja kutoka kwenye ekseli kuingia kwenye breki.

Stata. Usiwashe kamwe trekta kwa kuunganisha stata na bisibisi ukiwa umesimama chini, kati ya matairi. Trekta likiwa kwenye gia litaondoka papo hapo, na tairi kubwa la nyuma ndilo lililo pembeni yako. Ufunguo ukiwa mbovu, utengenezwe kwanza.

PTO. Inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Ikishika shuka, kitenge au mkono wa shati, hakuna mwenye nguvu za kuvuta nyuma. Shafti iwe na kifuniko chake, na hakuna mtu kuiruka ikizunguka.

Kupinduka. Hili ni la mbuga zetu nyeusi. Trekta likikwama kwenye tope, wengi hufunga mnyororo juu, kwenye ekseli au kwenye pini ya juu ya plau, na kukanyaga mafuta. Matairi yakiwa yameshikwa na tope, injini badala ya kuzungusha matairi inainua pua ya trekta. Linageukia mgongoni katika muda usiofika sekunde mbili. Mnyororo ufungwe chini, kwenye ubao wa kuvutia, na chimba tope mbele ya matairi kwanza. Sweden ilianza kulazimisha matrekta mapya kuwa na fremu ya kumlinda dereva tangu mwaka 1959, lakini matrekta mengi ya zamani tunayonunua hayana fremu hiyo. Mchomeleaji asitengeneze yoyote kwa kubahatisha. Fremu dhaifu inampa dereva ujasiri wa uongo.

Na watoto wasipande juu ya madigadi. Hakuna kiti pale.

Wiki ya kwanza ya kazi

Usimpeleke mgeni kwenye kazi ngumu kuliko zote. Kama una shamba la kichanga, lile tunaloliita luseni, anzia hapo. Lima saa mbili, simama, zima. Kagua oili, maji na uvujaji, kaza nati za matairi na za plau. Rudi tena saa mbili nyingine. Siku tatu za namna hiyo zitakuonyesha udhaifu mwingi ambao kuegesha nyumbani hakuonyeshi.

Mbuga iwe ya mwisho. Udongo ule ukiwa mkavu unavunja, ukiwa na maji unakwamisha, na siku zake za kulimika vizuri ni chache. Trekta la nguvu za farasi 45 lisilazimishwe plau la diski tatu mbugani kwa sababu jirani mwenye trekta la farasi 75 analo. Moshi mweusi usiokatika na matairi yanayozunguka bure ni trekta linaomba diski moja ipunguzwe.

Fedha ikiwa ndogo, anza na kipi?

Wasikilizaji hutuuliza sana swali hili. Mpangilio wetu ni huu:

1. Vinavyoua watu: breki, usukani, matairi, ufunguo wa kuwashia, kifuniko cha PTO.
2. Vinavyoua injini: oili, filta zote, chujio la hewa, rejeta, mkanda wa feni, geji ya oili na ya joto.
3. Vinavyosimamisha kazi: betri, stata, klachi, lift.
4. Vinavyopunguza nguvu: nozeli na pampu. Hizi zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, kama wale wa Mwanza, zisifunguliwe juu ya gunia.
5. Vinavyopendeza: rangi, kiti kipya, redio.

Watu wengi huanza na namba tano.

Kuhusu kiasi cha fedha, ushauri wetu ni kutenga si chini ya robo ya bei ya trekta kabla hujalinunua, na usiiguse kwa jambo lingine. Kama bei ya muuzaji inakula robo hiyo, tafuta trekta la bei ndogo zaidi au ungana na wenzako.

Ili uone uzito wake, piga hesabu ya kukaa bure. Tuseme trekta lako linalima ekari 6 kwa siku, na katikati ya mvua linakaa siku 10 likingoja spea. Hizo ni ekari 60. Zizidishe kwa bei ya kulimia ekari moja kijijini kwako. Halafu linganisha na bei ya filta, oili na mkanda wa feni ulioona ghali mwezi Septemba.

Daftari la trekta

Nunua daftari la shule, lifunge kwenye mfuko wa nailoni, likae na trekta. Andika tarehe, saa za kazi, dizeli iliyoingia, oili iliyobadilishwa, spea iliyowekwa na namba yake, na jina la fundi. Kama kipima saa kimekufa, dereva aandike saa ya kuanza na ya kumaliza kila siku.

Daftari hilo litakusaidia kwa mambo matatu. Litakuambia lini ubadilishe oili. Litaonyesha kama dizeli inaondoka kwenye tangi bila ekari kuongezeka. Na siku ukiamua kuuza, mnunuzi ataona historia badala ya rangi.

Mwezi Agosti, wakati wa maonyesho ya Nanenane, ukifika viwanja vya Nyakabindi usiishie kutazama matrekta mapya. Nenda na picha za namba zako kwenye simu, waulize wauza spea, chukua mawasiliano yao. Kati ya hapo na mvua za Novemba una muda wa kutosha kufungua, kusafisha na kufunga bila haraka. Mvua ikishaanza, kila fundi mzuri ana foleni, na kila spea inapatikana "wiki ijayo".

Kama umenunua trekta mwaka huu na kuna jambo linakusumbua, tuletee swali lako kupitia kipindi chetu cha kilimo. Taja aina ya trekta, namba ya injini, na ueleze linafanya nini likiwa baridi na linafanya nini likiwa la moto. Ukieleza hayo matatu, fundi ana pa kuanzia.